Mdudu wa Buluu Ukutani

Mtaani walimwita Daktari, na jina hilo lilimpa tabu kuliko faida. Mtu akiumwa goti, anagonga mlango wake. Mtoto akimeza kifungo cha shati, analetwa kwake mbio mbio. Naye kila mara anaanza upya kueleza kwamba yeye si daktari wa kutibu watu, udaktari wake ni wa shahada, kazi yake ni kukaa mbele ya kompyuta na kusoma vinasaba vya vijidudu. Wanamsikiliza kwa adabu, wanatikisa kichwa, halafu wanamuuliza, "Sawa, Daktari, sasa hili goti nilipake nini?" Ningekuwa mimi, ningewapa mafuta ya kuchua nikajiendea zangu. Lakini yeye alikuwa na ugonjwa wake, na ugonjwa wenyewe ni huu: jambo asilolijua hawezi kulisema, hata umchome sindano. Ndio uliomponza.

Mwanamke huyu alilelewa na dada yake. Mama yao alifariki yeye akiwa bado ana meno ya utoto, na dada, ambaye mwenyewe alikuwa msichana tu, akakaa kwenye cherehani ya marehemu na hakunyanyuka tena. Alishona sare za watoto wa watu mpaka mdogo wake akamaliza kuvaa za kwake zote, za msingi na za sekondari, akaingia chuo kikuu ambako hakuna sare. "Huko sasa umenikimbia," dada alimtania, huku anafuta macho kwa pindo la kanga. Shahada ya kwanza ilipopatikana, dada alilala na lile joho la mahafali kitandani usiku mzima, analipapasa mshono, anasema waliolishona walilipua kazi.

Chuoni alitaka maabara. Lakini vitendanishi, yaani yale maji na poda za kufanyia majaribio, vilikuwa vinaagizwa leo vinafika mwakani, tena nusu vimeharibika. Kompyuta ilikuwepo, basi akajifunza kompyuta. Msidanganywe na hotuba za wakubwa kuhusu sayansi ya kesho. Wengi wa fani hii waliingia humo kwa sababu mlango wa pili ulikuwa na kufuli. Ila yeye alipoingia akapenda. Alikuwa akipewa herufi nne tu za vinasaba zinazojirudia kurasa kwa kurasa, anazichekecha, na mwisho anakwambia hiki kilikuwa kijidudu gani na ndugu zake wako wapi. Akimaliza anatabasamu peke yake, na wenzake wanasema huyu ameanza.

Akapata uzamivu. Mnadhani ndipo mambo yalipomnyookea? Thubutu. Alipewa mkataba wa mwaka mmoja, ukaisha, akapewa mwingine wa mwaka mmoja, na kila Desemba alikuwa anakaa roho juu kusubiri kama Profesa, bosi wake, atapata ufadhili au la. Alifundisha vijana waliomwita mwalimu, kisha akawaona wakiajiriwa kwingine wakaja kumsalimia na magari. Nywele nyeupe zilikuwa zimeanza kumchungulia kwenye paji la uso alipokuwa bado anajaza fomu za kuomba kazi aliyokuwa anaifanya. Hatimaye chuo kikatangaza nafasi ya kudumu ya mhadhiri. Moja tu. Kamati ilitaka mtu mwenye makala nzito kwenye jarida la kimataifa, na Profesa alimwambia waziwazi: makala ikikubaliwa kazi ni yako, isipokubaliwa safari hii sina tena mfadhili wa kukushikilia.

Makala alikuwa nayo. Na hapo ndipo dada anaporudi kwenye hadithi, kwa sababu makala yenyewe ilitoka tumboni mwake.

Dada aliolewa na fundi umeme, mtu mpole asiye na neno. Maneno yote alikuwa nayo mama yake. Mimba ya kwanza ya dada ikaharibika miezi ikiwa imekwenda, ya pili vilevile. Mama mkwe akaanza kusema, tena alisema akiwa amekaa kwenye kigoda chake anachambua mchele, kwa sauti ya kusikika chumba cha pili. Kwetu, alisema, hakuna mwanamke aliyezika kabla ya kunyonyesha. Siku nyingine akasema tumbo la yule ni kaburi. Dada aliyasikia yote hayo akiwa kwenye cherehani, na alikanyaga pedali kwa nguvu ili yasimfikie.

Daktari akaandika andiko la utafiti kwa hasira. Alitaka kuchukua makondo ya nyuma ya akina mama waliopoteza watoto mimba ikiwa kubwa, na ya waliojifungua salama, atoe vinasaba vyote vilivyomo, avisome kwa mashine, aone kama kuna bakteria amejificha kwa hawa na hayupo kwa wale. Profesa akasaini, kibali kikatoka, wakunga wa hospitali wakakubali kumwekea vipande kwenye barafu. Wakati huo dada alikuwa amebeba ya tatu, akatia sahihi na yeye. "Mimi niandike kwenye kundi la wenye heri," alisema. Mimba ikafika mwezi wa nane, kila mtu akaanza kushusha pumzi, na mtoto akazaliwa amekufa. Ikabidi jina la dada lihamishiwe kundi lile jingine.

Kwenye kazi, Daktari aliwatanguliza waliofiwa. Hakuna aliyemwagiza, ni moyo ndio ulimtuma. Kila kipande chao kilichofika alikisafisha siku ileile ili kutoa vinasaba, kwa vitendanishi vya pakiti ya kwanza, mpaka pakiti ikaisha. Ya pili ikakwama forodhani, kama kawaida yao, watu wanadai muhuri juu ya muhuri. Ilipotoka, akashughulikia wale waliojifungua salama. Na majibu yalipokuja akayachora kwa nguzo za rangi, kila mama nguzo yake, kila bakteria rangi yake. Nguzo za waliofiwa zilikuwa na buluu, karibu zote, buluu nene kama wino uliomwagika. Upande wa wenye heri hapakuwa na buluu hata tone.

Bakteria huyo wa buluu ni wa majini na udongoni, si mtu wa kukaa kwenye mwili wa binadamu. Daktari alijua. Akajiambia kwamba pengine ametoka kwenye visima, na akaamini, kwa sababu alitaka kuamini. Akaichapa ile picha kwa rangi akampelekea dada.

Ingekuwa mimi ningepiga chapa elfu nikagawa mtaani, kwa jinsi picha ile ilivyofanya kazi. Dada alitafuta nguzo yake, akaizungushia kalamu, akaibandika ukutani juu ya cherehani. Mama mkwe akaitwa. Akaelezwa kwamba kuna mdudu, haonekani kwa macho, ndiye anayeua watoto, na mwanamke hana kosa. Mama mkwe alivaa miwani, akaisogelea picha, akaiangalia kwa muda mrefu. "Huyu hapa?" akauliza, akigusa buluu kwa ncha ya kidole. Akaambiwa ndiye. Hakuomba radhi, si mtu wa radhi yule, lakini kuanzia siku ile lile neno la kaburi likafa mdomoni mwake. Dada aliposhika mimba ya nne, mama mkwe ndiye aliyemnyang'anya ndoo ya maji mkononi. "Weka chini," alisema. "Usimpe huyo mshenzi nafasi."

Sasa, jarida lilikuwa limeipenda makala. Msomaji mmoja tu, mmoja wa wale wanaopewa makala kuzichungulia kabla hazijachapwa, aliuliza swali dogo: mirija ya maji iko wapi? Watu wa kazi hii wana desturi yao. Kila unaposafisha sampuli, unapitisha na mrija mmoja usio na nyama, una maji matupu, nao unaupeleka hatua zote kama wenzake, ili ujue kama kuna uchafu unaotoka kwenye vitendanishi vyenyewe. Daktari alikuwa ameipitisha. Ila hakuisoma kwenye mashine, kwa sababu Profesa alisema nafasi za mashine ni chache, tusizipoteze kwa kusoma maji. Ilikuwa imelala kwenye friji la baridi kali. Aliitoa akiwa anapiga mluzi, akaiweka kwenye kile kimashine kipya cha idara kinachoenea kiganjani, akaenda kufundisha.

Aliporudi akakuta majibu kwenye skrini. Mrija wa maji wa pakiti ya pili ulikuwa karibu mtupu. Mrija wa pakiti ya kwanza ulikuwa buluu kutoka chini hadi juu.

Alikaa. Kwanza alilaumu kompyuta, akaendesha hesabu upya. Kisha akaulaumu mrija, akautafuta wa pili wa pakiti ileile, na huo nao ukatoka buluu. Chai yake ilipoa pembeni, mtu akaingia kuuliza funguo za ukumbi, akampa funguo za nyumbani kwake. Lilikuwa limebaki jambo moja la kujaribu, na alilijua tangu mwanzo ila alikuwa analikwepa. Kwenye friji kilikuwepo kipande cha kondo la dada kilichobaki. Na pakiti ya pili ilikuwa na akiba kidogo.

Alikikata mwenyewe. Midomo yake ilikuwa inakwenda. Alikuwa anaomba. Mwanamke aliyesoma mpaka mwisho wa vitabu alikuwa amesimama kwenye maabara mchana kweupe, anaomba bakteria awemo kwenye nyama ya dada yake. Kesho yake majibu yakatoka. Hayumo. Kondo la dada lilikuwa safi kama la mama yeyote. Mdudu aliishi kwenye maji ya pakiti ya kwanza tangu huko kiwandani, na karibu wote waliopitia pakiti hiyo walipakwa buluu, na waliopitia pakiti hiyo walikuwa ni waliofiwa watupu, kwa sababu yeye, kwa huruma yake, aliwatanguliza.

Alikwenda kwa Profesa moja kwa moja.

"Umekula?" Profesa alimuuliza, kwa jinsi alivyomwona.

"Profesa, mdudu yuko kwenye maji."

"Maji gani?"

"Ya pakiti ya kwanza. Mrija mtupu umejaa yeye."

Profesa alivua miwani akaifuta kwa tai. "Uchafu kidogo haukosekani. Tutaandika sentensi moja kwenye kiambatisho, msomaji ataridhika."

"Si kidogo. Nimesafisha tena kondo la dada kwa pakiti ya pili. Hayumo."

Nje mtu alikuwa anakata majani kwa mashine.

"Binti yangu," Profesa alisema, "kamati inakaa Ijumaa. Jina lako liko juu, nimeliweka mimi. Ungenijia na habari hii wiki ijayo ningesema huyu ni mwanasayansi. Ukinijia leo naona mtu anajichimbia shimo."

"Wiki ijayo itakuwa ileile."

"Najua. Na mimi jina langu limo kwenye makala, nastaafu mwakani, hii ndiyo ya mwisho." Aliivaa miwani. "Siwezi kukuzuia. Nakuomba tu."

Angemfokea ingekuwa nafuu, maana wa kukufokea utamjibu. Mzee wa watu aliyekusainia karatasi zako zote, akikuangalia kwa macho ya kuomba, utamjibu nini? Daktari alitoka bila kuaga, akaingia chooni, akafungua bomba ili asisikike.

Aliliandikia jarida barua fupi ya kuiondoa makala. Aliifuta, akaiandika tena. Alifikiria nafasi ya kazi, akafikiria kodi ya chumba, lakini zaidi ya vyote alifikiria ule ukuta juu ya cherehani, na mimba iliyokuwa tena kwenye mwezi wa nane. Ukweli ni kwamba alitamani kunyamaza. Kisha akawawazia wakunga wale wakiwapa wajawazito dawa za kuua mdudu asiyekuwepo, huku chochote kinachoua watoto kinaendelea na shughuli zake, akabonyeza kitufe.

Ijumaa kamati ilikaa. Kazi akapewa kijana ambaye Daktari ndiye aliyemfundisha kuingia kwenye seva kwa mara ya kwanza. Kijana alikuja ofisini kwake ameinamisha kichwa. "Shikamoo, mwalimu," akasema. Daktari akampongeza na kumwachia kiti kizuri, kile kisichoyumba.

Jumamosi asubuhi akaenda kwa dada.

Dada alikuwa amelala ubavu, amewekewa mito, miguu imevimba. Wakunga walimwambia asisimame sana. Cherehani ilikuwa imefunikwa kitambaa, na juu yake ile picha, imeanza kupauka upande wa dirishani.

"Umekonda," dada alisema. "Kazi wamekupa?"

"Hapana."

"Kwa nini? Si mdudu umeshampata?"

Daktari alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Alikuwa amejipangia maneno njiani, mazuri, ya taratibu. Yote yakayeyuka. "Dada, mdudu hayupo."

"Hayupo wapi?"

"Kwako. Kwa mtu yeyote. Chukulia una majora mawili ya kitambaa. Jora moja limetoka kiwandani na doa. Wewe hujui, ukashona kaptura zote kwa lile lenye doa, na sketi zote kwa lile safi. Mtu akija akasema wavulana ndio wachafu, atakuwa sawa?"

Dada alikuwa fundi, hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Aligeuza uso akaitazama nguzo yake yenye duara la kalamu.

"Kwa hiyo nilikuwa mimi," alisema.

"Hapana. Sijasema hivyo."

"Kama si mdudu, ni nani?"

"Hatujui, dada."

"Hamjui." Hakulisema kwa hasira, na hilo ndilo lililomchoma mdogo wake. "Ungesubiri nizae."

"Ingekuwa imeshachapwa. Wangeanza kuwapa akina mama wengine dawa zisizo na maana."

"Mimi si akina mama wengine," dada alisema. "Mimi ni dada yako."

Daktari alishika ukingo wa shuka akaukunja na kuukunjua. Alitaka kulia lakini aliona haya kulia mbele ya mtu mwenye haki zaidi ya kulia.

Mlango ukasukumwa kwa goti. Mama mkwe akaingia na beseni la maji ya uvuguvugu, kanga imefungwa kiunoni, jasho usoni. Kila asubuhi alikuwa anakuja kumkanda dada miguu. Aliweka beseni chini, akanyoosha mgongo, akamwona mgeni.

"Ah, Daktari. Afadhali umekuja. Yule mwenzangu wa nyumba ya kona, mkwewe mimba imemtoka juzi, na anamsema vibaya sana. Nimemwambia wewe mama unamwonea mtoto wa watu, kuna mdudu. Haniamini. Naomba unichapie picha nyingine."

"Shikamoo, mama," Daktari alisema.

"Marahaba. Au nimpelekee hii, nyinyi mtachapa nyingine." Na kabla hajajibiwa alikuwa ameshanyoosha mkono na kuibandua, pembe moja baada ya nyingine. Ukuta ukabaki na alama ya mraba iliyo safi kuliko sehemu nyingine.

Dada alifumba macho.

"Mama, usiipeleke," Daktari alisema. "Si kweli. Nilikosea mimi. Mdudu alikuwa kwenye maji ya maabara."

Mama mkwe alisimama na karatasi mkononi. Alimwangalia Daktari, akamwangalia dada, na usoni pake, wallahi, ule uso wa zamani ukaanza kurudi, midomo ikajikaza kama mtu anayechambua mchele akaona jiwe. Dada hakuwa na haja ya kufumbua macho ili auone. Alivuta shuka juu ya tumbo.

"Nani mwingine anajua?" mama mkwe aliuliza.

"Chuoni wote."

"Hapa mtaani?"

"Hakuna."

"Basi irudishe ukutani."

"Mama, nimekwambia si kweli."

"Nimekusikia, si kiziwi." Alimkabidhi karatasi. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Mimi najijua, Daktari. Huyu nilimwambia tumbo lake kaburi, nimekaa kwenye kigoda kile pale, na nilikuwa naamini. Mdudu akiondoka nitatafuta wa kumlaumu, na humu ndani yupo yeye tu. Nimeshaanza kumtafuta, hapa hapa nilipo. Irudishe mpaka azae. Akizaa salama nitaichana kwa mkono wangu. Kwa jirani sitaipeleka."

Daktari alimtazama dada yake. Dada alikuwa amefumbua macho, machozi yanamtiririkia kwenye mto upande wa sikio, na alimtikisia kichwa mdogo wake, taratibu, kukubali.

Basi yule mtu ambaye jambo asilolijua hawezi kulisema, aliyepoteza kazi kwa mrija wa maji, akakivuta kile kigoda, akapanda juu yake. Gundi ilikuwa imechoka, haishiki vizuri. Akaibonyeza kwa dole gumba, pembe moja, akashuka kidogo, akarudi kwenye pembe nyingine, mpaka picha ikatulia palepale ilipokuwa, nguzo zote za buluu upande wake. Nyuma yake mama mkwe alikuwa amepiga magoti, ameshaanza kumkanda dada miguu, anamuuliza kama maji yana moto sana.